MIZANI NDANI YA MWILI: Somo juu ya joto, maji, chumvi na sukari

Bismillahi Rrahmani Rrahim



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Somo la Ijumaa hii wengine watasema ni la shule, si la msikiti. Lakini Qur'ani yenyewe, katika Suratudh-Dhariyat aya ya 21, inatuelekeza tutazame alama zilizomo ndani ya nafsi zetu. Na katika Suratur-Rahman, kuanzia aya ya 7 mpaka ya 9, Mwenyezi Mungu anatukumbusha kwamba ameinua mbingu na ameweka mizani, kisha anatukataza kuipunja. Mizani hiyo tunaijua sokoni, tunapopima mchele na maharagwe. Leo tutazame mizani nyingine, ambayo kila mmoja wetu anaibeba usiku na mchana bila kuiona.

Tunasoma somo hili kwa sababu kuna watoto wanaokufa kwa kunyimwa maji wanapohara, na kuna wazee wanaoanguka mchana wa Ramadhani kwa sababu wameficha ugonjwa wao ili wafunge. Mara nyingi wanaosababisha hayo wana nia njema. Lakini nia njema bila elimu inaweza kumzika mtu. Basi na tujifunze.

1. MIZANI YA MWILI NI KITU GANI?

Nje ya mwili mambo yanabadilika kila saa. Asubuhi kuna baridi, adhuhuri kuna jua kali. Leo umekula bukari na samaki mpaka umeshiba, kesho umeshinda na kikombe cha chai tu. Lakini ndani ya mwili, Mwenyezi Mungu ameweka vipimo ambavyo havitakiwi kwenda mbali. Joto linakaa karibu na digrii 37. Sukari ya damu ya mtu mzima wa afya, kabla hajala asubuhi, iko kati ya 70 na 100 mg katika desilita moja ya damu. Chumvi ya damu ina kiasi chake, na uchachu wa damu una kiasi chake.

Usifikiri kwamba mwili unakaa katika kiasi hicho kwa kutulia. Mtazame mpiga kasia kwenye mto wetu. Mtumbwi wake unakwenda sawa kwa sababu mkono wake haupumziki. Maji yakimsukuma kushoto, anarudisha kulia. Yakimsukuma kulia, anarudisha kushoto. Ukiwa ng'ambo utasema mtumbwi unakwenda wenyewe. Mwili nao ni hivyo hivyo. Kila mara unapotoka kidogo kwenye kipimo, unarudishwa.

Ili kazi hiyo ifanyike, mambo matatu yanahitajika. Kwanza, mlinzi anayehisi kwamba kipimo kimetoka. Pili, mkubwa anayepokea habari na kutoa amri. Tatu, wafanyakazi wanaotekeleza. Jaribu kitu kimoja: zuia pumzi yako kwa muda. Baada ya muda mfupi kifua kitakulazimisha kuvuta hewa, upende usipende. Hewa chafu imezidi katika damu, walinzi wameihisi, ubongo umetoa amri, na misuli ya kifua imetii. Utashi wako umeshindwa na amri aliyoiweka Muumba wako kwa ajili ya kukulinda.

2. WALIOTUTANGULIA KATIKA ELIMU HII

Wanazuoni wa Kiislamu waliipenda elimu ya mwili. Ibn Sina (980–1037) aliandika juu ya mizaji ya mwili, yaani kulingana kwa mambo yaliyomo ndani yake. Ibn al-Nafis (1213–1288), aliyekuwa tabibu na pia mwanachuoni wa fiqhi, alieleza kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo, ikapita katika mapafu, ndipo ikarudi upande wa kushoto. Alieleza hayo karne tatu kabla hayajachapwa katika vitabu vya Ulaya.

Baadaye, huko Ufaransa, Claude Bernard (1813–1878) alifundisha kwamba kiumbe huishi vizuri kwa sababu maji yaliyo ndani ya mwili wake yanalindwa yasibadilike ovyo. Na mwaka 1926 Walter Cannon wa Marekani aliipa kazi hiyo ya kulinda kipimo jina la homeostasi. Jina hilo ni geni, lakini maana yake umekwisha kuijua: ni mkono wa mpiga kasia.

3. MIZANI YA JOTO

Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo inayopima joto la damu. Joto likizidi, ngozi inapelekewa damu nyingi na jasho linatoka. Jasho likikauka linaondoka na joto. Joto likipungua, mishipa ya ngozi inajibana, na misuli inatetemeka ili itengeneze moto. Ndiyo maana mtu wa baridi hutetemeka bila kuamrishwa.

Mgonjwa wa homa je? Malaria au ugonjwa mwingine ukiingia, ubongo unapandisha kile kipimo chenyewe. Badala ya 37, unataka 39. Kwa sababu hiyo mgonjwa anasikia baridi na kutetemeka, hali mwili wake unawaka. Mama akimwona mtoto anatetemeka, huruma inamwambia amfunike mablanketi matatu. Hapo anazuia joto lisitoke, na mtoto anazidi kuungua. Tetemeko likipita, mvue nguo nzito, mpe vinywaji, na mpeleke kituo cha afya apimwe malaria siku hiyo hiyo. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alielekeza homa ipozwe kwa maji. Maji hayo yawe ya kawaida, yasiwe baridi ya kumtetemesha. Na kumpoza mtoto hakuondoi haja ya kumpima na kumpa dawa.

Mtume (s.a.w.) pia aliwafananisha waumini na mwili mmoja: kiungo kimoja kikiumwa, mwili mzima unashirikiana nacho kwa homa na kukesha. Tazameni alivyochagua mfano wake. Homa inauchukua mwili wote kuutetea sehemu moja iliyovamiwa.

4. MIZANI YA MAJI NA CHUMVI

Katika Suratul-Anbiyaa aya ya 30, Mwenyezi Mungu anatuambia kwamba amejaalia kila kilicho hai kutokana na maji. Mwili wa mwanamume mzima ni maji kwa kiasi cha asilimia 60 hivi. Mtoto aliyezaliwa sasa hivi anakaribia asilimia 75. Kwa hiyo mtoto mdogo ana maji mengi kwa uzito wake, lakini anakauka upesi kuliko mtu mkubwa.

Walinzi wa maji ni hodari. Ukipungukiwa maji, damu inakuwa na chumvi nzito. Ubongo unahisi, unakuletea kiu, na papo hapo unapeleka ujumbe kwa figo kupitia damu: shikeni maji. Mkojo unakuwa kidogo na wa rangi nzito. Ukinywa maji mengi, amri inabadilika na mkojo unakuwa mwingi na mweupe. Figo zetu mbili huchuja takriban litri 180 kwa siku, na karibu zote zinarudishwa katika damu. Kinachotoka kama mkojo ni litri moja au mbili tu. Hebu fikiri: kama figo zingeacha kurudisha maji kwa siku moja tu, nani angechota maji ya kututosha?

5. MTOTO ANAYEHARA: USIMNYIME MAJI

Hapa ndipo penye hatari, na naomba msome sehemu hii polepole. Asiyejua kusoma asomewe.

Baadhi ya mama zetu na bibi zetu husema: mtoto anayehara asipewe maji, kwa sababu maji yanaingia na kutoka, yanaongeza kuhara. Wanaona kwa macho yao: anakunywa, anahara. Tunawaheshimu, wametulea, na hawasemi hayo kwa ubaya. Lakini maji yanayotoka si yale ya kikombe tu. Yanatoka katika damu ya mtoto na katika nyama yake. Ukimnyima maji hukuzuia kuhara. Mwili unaendelea kumwaga, wala hakuna kinachorudi.

Wengine watauliza: kama utumbo ni mgonjwa, maji yatapita wapi? Sikilizeni hekima ya Muumba. Katika ukuta wa utumbo mdogo kuna milango midogo ambayo sukari na chumvi hupita pamoja, na zinapopita, maji yanazifuata. Milango hiyo hata kolera, yaani kipindupindu, haiifungi. Maji peke yake yanaingia kwa shida. Chumvi peke yake inaingia kwa shida. Lakini maji yakiwa na sukari kidogo na chumvi kidogo, kwa kipimo, mlango unafunguka. Kipimo ndicho siri yake. Sukari ikizidi, maji yanavutwa kutoka mwilini kuja utumboni na kuhara kunaongezeka. Chumvi ikizidi, inamdhuru mtoto. Mizani tena, ndugu zangu.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi waliingia India kwa wingi na kolera ikawapata. Serumu za kutia katika mshipa ziliisha. Daktari mmoja, Dilip Mahalanabis, aliwapa wagonjwa sukari na chumvi zilizochanganywa na maji, wanywe, na jamaa zao ndio waliowanywesha. Kabla ya hapo wagonjwa wapatao 30 katika kila 100 walikuwa wanakufa. Kwa dawa hiyo ya kunywa, waliokufa hawakufika 4 katika 100. Na sisi wa Mashariki ya Kongo tunajua kinachotokea watu wasipopata maji safi na dawa kwa wakati: Julai 1994, huko Goma, kolera na kuhara damu vilichukua makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda katika wiki chache.

Basi mtoto akianza kuhara, fanya hivi:

– Tafuta pakiti ya chumvi za kunywa, ile inayoitwa SRO, kwenye kituo cha afya au farmasia. Ichanganye na maji safi kwa kiasi kilichoandikwa juu ya pakiti. Usikadirie kwa macho.

– Ukikosa pakiti, chukua litri moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vyote visawazishwe juu, visiwe na kilima. Onja kwanza. Ikiwa na chumvi kuliko machozi, imwage utengeneze nyingine.

– Kila akihara, mtoto wa chini ya miaka 2 apewe kati ya robo na nusu ya kikombe kikubwa, kwa kijiko, kidogo kidogo. Mkubwa zaidi apewe nusu kikombe mpaka kikombe kizima. Akitapika, ngoja dakika 10, uanze tena polepole.

– Anayenyonya aendelee kunyonya, tena mara nyingi. Anayekula apewe chakula.

– Maji hayo yakimaliza siku moja, yamwage, utengeneze mapya.

– Omba vidonge vya zinki kwenye kituo cha afya. Hupewa kwa siku 10 mpaka 14, hata kama kuhara kumekwisha.

Mkimbize mtoto kwa munganga bila kungoja ukiona macho yameingia ndani, analia bila machozi, hakojoi, amelegea, hawezi kunywa, anatapika kila kitu, au choo kina damu. Vuta ngozi ya tumbo lake kidogo kwa vidole. Ukiiachia ikarudi polepole, amekauka. Njiani endelea kumnywesha.

Na tusisahau kinga. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kwenda haja mahali watu wanapochota maji, njiani, na chini ya kivuli wanapopumzika. Anayechafua mto asubuhi hajui nani atakunywa jioni. Tunawe kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kula, tuchemshe maji ya kunywa au tuyatie dawa.

6. MIZANI YA SUKARI, NA SAUMU YA MGONJWA

Ukila bukari au mkate, chakula kinageuka sukari na kuingia katika damu. Kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula, linatoa insulini. Insulini ni ufunguo: inafungulia sukari iingie katika nyama ya mwili, na inaiambia ini iweke akiba. Unapofunga, kazi inageuka. Insulini inapungua, ujumbe mwingine unakwenda kwa ini kwamba litoe akiba, na baadaye mwili unaanza kutumia mafuta yake. Kwetu hapa karibu na ikweta, kutoka alfajiri mpaka magharibi ni saa 13 na kidogo, mwaka mzima. Kwa mtu mwenye afya, mizani hii inatosha kabisa. Ndiyo maana anafunga, anafanya kazi yake, na sukari yake haianguki.

Lakini mwenye ugonjwa wa sukari, yaani diabeti, mizani yake imeharibika. Insulini yake ni kidogo, au haifanyi kazi vizuri, na anategemea dawa. Dawa haina akili ya kongosho. Ukitia sindano kisha usile, dawa itaendelea kushusha sukari tu. Mtu anatetemeka, anatoka jasho la baridi, anasema maneno yasiyoeleweka, kisha anazimia. Akiacha dawa ili afunge, sukari inapanda, anakojoa sana, anakauka, na anaweza kufa kwa njia hiyo pia.

Katika Suratul-Baqara, aya ya 184 na 185, Mwenyezi Mungu amempa ruhusa mgonjwa asifunge, alipe siku nyingine, na akabainisha kwamba anatutakia wepesi, hatutakii uzito. Asiyetarajia kupona atalisha maskini kwa kila siku. Ruhusa hiyo aliyeitoa ni Mola mwenyewe. Basi wewe mzee wangu unayeificha, unayekunywa dawa kwa siri na kufunga ili wajukuu wasikuone unakula, unamwonea haya nani? Aliyekuruhusu ndiye uliyekuwa unamfungia.

Si kila mwenye sukari amekatazwa kufunga. Wengine wanaweza, kwa kubadilishiwa saa na kiasi cha dawa. Nenda kwa daktari wiki kadhaa kabla ya Ramadhani, wala usingoje mwezi uandame. Ukifunga, jipime. Kuchoma kidole kwa kipimo hakuharibu saumu. Sukari ikishuka chini ya 70 au ikipita 300, fungua papo hapo, hata kama umebaki muda mfupi adhana ya magharibi isikike. Ukisikia dalili za sukari kushuka, kunywa kitu cha sukari kwanza, maswali baadaye. Mwenzako akifungua kwa sababu hiyo, asiwepo wa kumcheka wala kumnong'ona.

7. DAWA YA UJINGA

Imepokewa katika Abu Dawud kwamba mtu mmoja alijeruhiwa kichwani safarini, kisha akapatwa na janaba. Akauliza wenzake kama anaweza kutayamamu. Wakamwambia hapana, maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alikasirika sana, akawahesabu wao kuwa ndio waliomuua, na akaeleza kwamba asiyejua, ponyo lake ni kuuliza.

Ndugu zangu, watu wale walikuwa wanamcha Mungu. Walitaka sharia itimizwe. Lakini walitoa hukumu juu ya mwili wasioujua. Basi sisi maimamu na walimu wa madrasa, tukiulizwa na mgonjwa kama afunge au asifunge, tumwulize kwanza: daktari amesema nini? Na daktari akisema saumu itamdhuru, tusijaribu kuwa wachamungu kuliko sharia. Suratul-Baqara aya ya 195 inatukataza kujitia katika maangamizi kwa mikono yetu wenyewe.

Wengine watasema: kama Mwenyezi Mungu ameweka mizani mwilini, kwa nini twende lopitali, si atairudisha mwenyewe? Tunajibu: mpiga kasia hodari naye hushindwa mvua ya upepo ikija, na hapo anayemwona hutupa kamba. Kamba hiyo pia ni ya Mwenyezi Mungu. Mtume (s.a.w.) alituamrisha tujitibu, akatufahamisha kwamba hakuna ugonjwa ulioteremshwa bila dawa yake. Na Abdullah bin Amr alipokuwa akifunga kila siku na kusali kila usiku, Mtume (s.a.w.) alimzuia, akimkumbusha kwamba mwili wake nao una haki juu yake.

MAMBO YA KUSHIKA

Tukitoka msikitini leo, tushike manne. Anayehara anyweshwe, asinyimwe. Mwenye homa asifungiwe ndani ya mablanketi, apimwe. Mwenye sukari amwone daktari kabla ya Ramadhani. Na asiyejua aulize kabla ya kuamuru. Kila mmoja amfundishe mtu mmoja asiyefika hapa, hasa mama mwenye mtoto mdogo. Suratul-Maida aya ya 32 inafundisha kwamba aliyeokoa nafsi moja ni kama aliyeokoa watu wote. Nafsi hiyo inaweza kuokolewa kwa litri moja ya maji, sukari kidogo na chumvi kidogo.

Ewe Mola wetu, uliyetuumba ukatulinganisha, tuhifadhie afya zetu na akili zetu. Waponye wagonjwa wetu, wa nyumbani na wa lopitali. Warehemu watoto wetu waliotangulia, na uwape subira wazazi wao. Tupe elimu yenye manufaa, na utujaalie tusiipunje mizani yako, sokoni wala miilini mwetu. Amin.

Wassalaam alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.

Karatasi hii ina jina la Mwenyezi Mungu. Tafadhali usiitupe chini wala kufungia karanga. Imamu akipanda mimbari, usisome. Msikilize, utasoma nyumbani. Ukimaliza, mpe jirani.